Nilimhesabia Mpaka Tano

Kwenye karakana ya makochi huwezi kujua kochi limebeba nini mpaka ulivue nguo. Tumewahi kutoa vitana, vijiko, funguo ambazo mwenye nyumba alishaita fundi akabadilisha kitasa, na mara moja jino la bandia ambalo mwenyewe alikuja kulichukua huku ameziba mdomo kwa kiganja. Siku moja, ndani ya kochi la watu watatu, chini kabisa kwenye springi, nilitoa kifuko cha kitambaa. Kulikuwa na dadu saba na kijitabu kilichokunjwa mara mbili. Dadu zenyewe hazikuwa hizi tulizozoea. Moja ilikuwa na pande ishirini, ukiitupa mezani inazunguka kama haitaki kuamua.

Shangazi alimpigia simu mwenye kochi. Akaambiwa ni vitu vya mwanawe, alihama zamani, tupeni.

Hatukutupa.

Shangazi ndiye mwenye karakana. Ni dada yake baba yangu. Nilipomaliza shule ya msingi na ikaonekana safari yangu ya vitabu imeishia hapo, alinichukua akanikalisha kwenye cherehani. Nashukuru, maana kazi nimeipata kwake. Ila alikuwa na msemo wake mbele ya wateja. "Huyu mtoto wa kaka yangu mkono anao," anasema, akinishika bega, "kichwa ndiyo Mungu alimpimia kwa kijiko." Wateja wakicheka, na mimi nacheka. Mtu akikutania kila siku kwa miaka sita, unafika mahali unasubiri utani wenyewe upite kama unavyosubiri mvua, kisha unaendelea na kazi.

Tulikuwa wanne kule nyuma. Mimi nashona. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, anaandika maagizo na kupokea simu. Sponji anakata na kujaza sponji, na mwili wake ndio tangazo la kazi yake. Msumari anapiga fremu. Jina la Msumari alipewa kwa wembamba, lakini lilimfaa pia kwa sababu kitu alichokifunga yeye hakikulegea. Kochi likirudi kwetu baada ya miaka kumi, linarudi kwa kitambaa, halirudi kwa mbao.

Msumari alikuwa na kigugumizi. Neno likimkwama, macho yanafumba, kidevu kinapanda, shingo inakaza kama mtu anayenyanyua kabati peke yake. Ukimsaidia kulimalizia, ananyamaza siku nzima. Sponji alikuwa na tabia ya kumsaidia, si kwa ubaya, ila mdomo wake haukujua kukaa na njaa. Mimi nilikuwa namsubiri. Kusubiri hakunisumbui. Nikiwa na zipu ya mto wa futi sita mbele yangu, haraka ya nini? Kwa hiyo akiwa na jambo refu alikuja kwangu, akasimama kando ya cherehani, nikaondoa mguu kwenye pedali, akasema mpaka mwisho.

Kijitabu kilikuwa cha lugha ya kigeni. Karani alitusomea wakati wa chakula cha mchana, nusu akifasiri, nusu akiguna. Tulichoelewa ni kwamba huo ni mchezo wa kusimulia. Mnakaa mezani, mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mtu ana mtu wake humo ndani. Anayeongoza anasema kilichopo na kinachokuja, wewe unasema mtu wako anafanya nini, na jambo likiwa gumu unarusha dadu kujua kama limewezekana. Kijitabu chetu kilikuwa cha hadithi za mapambano, za mbio na milipuko, kama sinema, na kilikuwa na mashauri kwa anayeongoza. Anzia katikati ya balaa, salamu watu walishapeana nyumbani. Usimwombe mtu dadu ili afungue mlango. Kila chumba kiwe na kitu cha kuvunjika, cha kuwaka au cha kuning'inia. Mchezaji akisema neno zuri kuliko dadu, mpe bila dadu. Na la mwisho: sinema haimsubiri mtu. Zamu ya mchezaji ikifika, hesabu mpaka tano kwa vidole, wazi, aone. Asiposema, adui ndiye anayefanya.

"Sasa nani aongoze?" Karani akauliza.

"Mimi," Sponji akasema.

"Wewe utaua watu wote uende kula. Aongoze huyu anayetutazama siku nzima bila kusema."

Akanielekeza kalamu. Ndivyo nilivyopata jina la Dairekta.

Tulicheza kwenye meza ya kukatia, kitambaa kikiwa kimekunjwa pembeni, dakika arobaini kila siku. Karani alijichagulia mwanamke mwendesha pikipiki asiyekosa shabaha, na alipokuwa akimsemea alivua miwani. Sponji akawa Dude, mtu wa mabavu. Ikafika kwa Msumari.

"Wa-wangu," akasema, tukasubiri, "ni Kapteni. Ni mtu wa ma-maneno. Hana silaha. Anaongea, watu wanakubali."

Sponji akakohoa chai. "Basi na mimi nibadilishe. Wangu awe mwembamba."

Tulicheka wote, Msumari pia. Lakini hakubadilisha.

Sikujua kama nitaweza. Nikagundua kumbe vitu vyote ninavyo. Nimeingia nyumba za watu kupima makochi, najua ukumbi wa mtu mwenye fedha unavyokaa, najua pazia zito linavyoweza kumbeba mtu sekunde tatu kabla pete hazijaanza kuruka moja moja. Najua mteja mwongo anavyogusa sikio. Maadui wangu wote walikuwa wateja wetu, nimewabadilishia nguo tu. Siku ya kwanza nilisema, "Picha linaanza mko juu ya treni, treni haina dereva, na mbele kuna kona," na Karani, mtu mzima, mama wa watoto wanne, akashika ukingo wa meza.

Siku ya tatu au ya nne Kapteni alikuwa amening'inia kwenye taa kubwa ya hoteli inayoungua. Chini moto, juu kamba inakatika. Zamu ya Msumari. Akafungua mdomo, neno likakwama. Nikanyanyua mkono nihesabu kama nilivyowahesabia wenzake, nikaona kidevu kinapanda. Sijui lilikotoka, nikasema:

"Hapo picha linaingia mwendo wa kinyonga. Vioo vya taa vimepasuka lakini havijaanguka, vimesimama hewani. Kuna kipande kimoja kirefu, kinajizungusha polepole, ndani yake unauona moto mdogo. Tone la jasho limetoka kwenye nyusi za Kapteni. Linashuka. Bado halijafika shavuni."

Sponji aliacha kutafuna. Nikaendelea na vile vioo, kimoja baada ya kingine, sauti chini, mpaka Msumari akatoa lake zima.

"Nabembea mpaka dirishani, nami na-nawaambia, nifuateni."

"Na vioo vyote vinaanguka kwa pamoja," nikasema.

Tangu siku hiyo kila zamu yake ilikuwa kinyonga. Wengine walidhani ni mtindo. Sponji akalalamika, "Mbona mimi sipewi kinyonga?" Karani akamwambia, "Wewe ukianza kuanguka polepole tutafunga karakana hujafika chini." Lakini Msumari alijua. Wiki hiyo nilikuta kwenye cherehani yangu kisanduku kidogo cha mabaki ya mbao, kimepigwa randa mpaka kinateleza, kifuniko kinafunga bila sauti. Ndani alikuwa ameweka zile dadu saba.

Akaanza kuongea. Simwongezei chumvi, kigugumizi hakikuisha, lakini aliacha kukiogopa. Siku moja Karani alikuwa mbali, simu ikalia, Msumari akaipokea. Mteja aliuliza kama kochi lake litabeba wageni wa harusi. Msumari akafumba macho, akamjibu, akamweleza na aina ya mbao. Alipoweka simu chini tulikuwa tumesimama wote watatu tunamtazama. "Ni-ni mteja tu," akasema, akarudi kwenye msumeno.

Wakati huo Shangazi alikuwa anatafuta mtu. Alikuwa amepanga duka barabara kuu, lenye kioo mbele, la kuonyesha makochi yaliyokwisha kutengenezwa, na alitaka mmoja wetu akalisimamie. "Nataka mtu wa kusimama mbele ya mteja," alisema. "Aseme, mteja akae."

Msumari alikuja kando ya cherehani. Nikaondoa mguu kwenye pedali.

"Mdogo wangu. Lile duka na-nalitaka."

Nikamtazama.

"Miaka kumi na moja naongea na mbao. Mteja akiuliza kochi litadumu, ni nani a-anayejua kama si mimi? Ila bibi mkubwa hajawahi kunisikia nikimaliza."

Ilikuwa kweli. Shangazi alikuwa mmoja wa wale wanaokumalizia.

"Niachie," nikamwambia.

Nilimfuata Shangazi ofisini. Nikamwambia aje siku moja wakati wa chakula, amsikie Msumari.

"Nimsikie akifanya nini? Akihesabu misumari yake?"

"Njoo tu, Shangazi."

"Na huo mchezo wenu wa kupiga kelele, wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akanitazama kama anayetazama kitambaa alichokwisha kukipangia kazi nyingine. "Haya. Alhamisi. Nisicheleweshwe."

Hadithi ya Alhamisi niliikata kama ninavyokata kitambaa cha ghali, chaki kwanza, mkasi baadaye. Adui alikuwa tajiri mmoja amejifungia juu ya ukuta wa bwawa, kidole kwenye kitufe. Akibonyeza ukuta unapasuka na mji wote wa chini unasombwa. Risasi haimfiki, mabavu hayapandi. Kinachofika ni maneno tu. Nikaacha hapo katikati ya hadithi uwazi wa ukubwa wa Msumari, mtu mwingine yeyote asiweze kuuziba.

Jumatano nikamwambia, "Kesho Kapteni ana la kusema."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu aliyeweka kidole kwenye kitufe."

Siku nzima alipiga randa huku midomo inacheza. Jioni, nilipokuwa nafunika cherehani, alinipungia mkono na uso wa mtu aliyeshapata.

Alhamisi Shangazi alikaa kwenye kochi lisilo na nguo, mkoba mapajani. "Haya, nionyesheni hizo sinema zenu. Saa nane nina mteja."

Nikaanza. Lori halina breki, linashuka mlima kuelekea bwawa, na nyuma yake pikipiki mbili za adui. Karani akavua miwani, akaruka kutoka pikipiki hadi juu ya lori, dadu ikampa kumi na tisa. Sponji akasema Dude anang'oa usukani.

"Kwa nini aung'oe?" nikamuuliza.

"Aliagizwa ageuze gari. Hakuambiwa kwa nguvu kiasi gani."

Shangazi akacheka. Nikamwelezea Dude na usukani mkononi, akiendelea kuuzungusha kwa heshima huku lori linakwenda linakotaka, na Shangazi akacheka mpaka mkoba ukaanguka. Miaka sita nimekaa naye. Nimemwona akinicheka mara nyingi, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza anacheka kwa nililolisema mimi. Akamgeukia Karani akamwuliza, "Haya yote anayatoa wapi huyu?"

Naandika haya nikijua kwamba hapo ndipo nilipolewa. Mtu asiyezoea pombe huleweshwa na kifuniko.

Tukafika juu ya ukuta. Upepo, maji nyuma, mji mbele, mtu mmoja na kidole chake. "Anasema, hakuna mtu chini ya jua atakayenizuia," nikasema. "Kapteni. Ni wewe."

Msumari akaweka mikono miwili mezani. Akafumba macho. Kidevu kikaanza kupanda.

"Picha linaingia mwendo wa kinyonga," nikasema. "Tone moja la maji limeruka kutoka bwawani. Limesimama mbele ya uso wa adui. Ndani yake unauona mji mzima, umepinduka. Kidole kimegusa kitufe, ngozi ya kidole inaanza kubonyea—"

"Mbona limeganda?" Shangazi akasema. "Umeme umekatika?"

Sponji akacheka. Ni kicheko cha kawaida, hata mimi siku nyingine ningecheka. Msumari alikuwa bado anapambana, shingo imekaza. Ningeendelea. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema ya lile tone, nilikuwa nimeyapanga tangu Jumanne. Lakini Shangazi alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi, na nikauona uso wake ukirudi kuwa ule wa kila siku, uso wa kijiko.

Mkono wangu ukapanda.

Sikuwa nimewahi kumhesabia. Hata mara moja. Nilikunja kidole cha mwisho, nikasema moja. Nikakunja cha pete. Kwenye mbili Msumari alifumbua macho, akauona mkono. Hakuonyesha hasira. Alionekana kama mtu aliyeegemea ukuta akaukuta ni pazia. Tatu. Akarudi kwenye neno lake, akalisukuma. Nne. Mimi ni mtu wa kutazama, kwa hiyo sina pa kujificha: kwenye nne midomo yake ilikuwa imeshakutana, kidevu kimeanza kushuka. Ninamjua. Kidevu kikishuka, neno limefika mlangoni.

"Tano," nikasema. "Adui anabonyeza."

Nikaendelea haraka, maana sinema haimsubiri mtu. Ukuta ukapasuka, Kapteni akasombwa wa kwanza. Sponji akasema Dude anashika kochi lililotoka kwenye nyumba ya tajiri, analipanda kama mtumbwi, anaokota watu. "Kochi la watu watatu," akasema, "lakini kwa kuwa mmoja ni mimi, ni la mtu na nusu." Shangazi alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Mji ulipona nusu. Dakika arobaini zikaisha.

"Steringi wa sinema hafi," Sponji akasema akipangusa meza, akimpiga Msumari begani kwa upendo. "Ila Kapteni wako, kaka, kumbe hakuwa steringi."

Msumari aliokota dadu moja moja, akaziweka kwenye kisanduku, akafunga kifuniko. Akakisukuma mpaka mbele yangu. Kisha akaenda kuchukua randa.

Saa kumi Shangazi aliniita ofisini. Hakunikaribisha kiti, hakuwa na desturi hiyo, lakini alisimama yeye.

"Duka utakaa wewe."

Akaketi tena.

"Nilikuwa nimemfikiria Sponji, ila huyo atakula kwenye makochi. Wewe una mdomo, kumbe. Umetushika hapo saa nzima na dadu na maneno matupu. Nimekuwa nakudharau, mtoto wa kaka yangu."

Hayo nilikuwa nimeyangoja tangu nina miaka kumi na minne. Na nilikuwa na neno la kusema. Nilikuwa nalo hapa, kwenye ulimi: kwamba duka ni la Msumari, kwamba alikuwa amefika mlangoni nikamfungia, kwamba kama Shangazi angevumilia pumzi mbili tu angelisikia. Kigugumizi sina. Hakuna aliyeninyooshea mkono kunihesabia. Saa ya ukutani ilikuwa kwenye chumba kingine.

Nikasema, "Asante, Shangazi."

Msumari alimaliza mwezi. Alipiga fremu zote zilizokuwa kwenye orodha, hata zile za wiki ya mwisho, kwa uangalifu uleule. Hakuacha kunisalimia. Ila hakuja tena kusimama kando ya cherehani, na mimi, kila alipopita, mguu wangu uliondoka kwenye pedali wenyewe, kisha ukarudi. Siku ya mwisho alimwachia Karani karatasi ya kuacha kazi ampe Shangazi, akachukua msumeno wake na randa zake mbili, akatoka kwa mlango wa nyuma. Karani aliisoma karatasi, akavaa miwani, akaisoma tena. "Ameandika vizuri," akasema. Hakuniangalia.

Meza ya kukatia ilirudi kuwa ya kukatia. Sponji alijaribu kuongoza siku mbili, akaua watu wote, akaenda kula.

Nikahamia dukani. Kazi naiweza, nisiseme uongo. Mteja akiingia namtazama kwanza, najua kama amekuja kununua au amekuja kupumzisha miguu. Namwambia aketi. Anaketi. Wakiniuliza kama kochi litadumu, nasema litadumu, na kila nikisema hivyo najua maneno ni ya nani.

Miezi minane ilipita ndipo nikapata habari kuwa yuko kwenye karakana ya milango na madirisha, upande wa pili wa mji. Nikaomba ruhusa ya asubuhi moja. Nikachukua kisanduku.

Nilimkuta nje, chini ya bati, mlango umelala kwenye meza mbele yake, yeye anaukwangua ukingo. Alikuwa ameongeza mwili kidogo. Aliniona, akalaza randa kwa ubavu, akapangusa mikono. "Ka-karibu, mdogo wangu," akasema. Ndani kulikuwa na mashine inanguruma, inakata, inanyamaza, inanguruma tena.

Nilikuwa nimejipangia la kusema kwenye basi. Lilikuwa fupi. Nilipofungua mdomo halikutoka. Nikatazama vumbi la mbao kwenye viatu vyake, nikajaribu tena, nikatoa hewa tupu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kujua namna ile shingo inavyokaza.

Msumari akanyanyua mkono wake, kiganja kwangu. Akakunja kidole cha mwisho. Akakunja cha pete. Cha kati. Cha shahada. Akabaki na dole gumba, limesimama.

Na hakulikunja. Alisimama vile, dole gumba juu, uso umetulia, kama mtu mwenye siku nzima. Mashine ndani ilikata ubao mzima, ikanyamaza, ikashika mwingine. Mwenzake mmoja alipita na fremu ya dirisha begani, akatutazama, akapita. Dole gumba lilikuwa bado limesimama.

"Nilikuhesabia," nikasema mwishowe. "Neno lilikuwa limeshafika. Nililiona. Nikahesabu."

Ndipo akashusha mkono. "Nilijua u-umeliona."

"Duka lilikuwa lako."

"Lilikuwa la bibi mkubwa." Akapuliza vumbi ukingoni mwa mlango. "Yale makochi ya mwisho, miguu ha-haijalegea?"

"Haijalegea."

"Haitalegea."

Nikamwambia kwamba nitasema na Shangazi, kwamba sasa ananisikiliza, kwamba arudi. Akatikisa kichwa, bila ubaya. Hapa, akasema, mteja anaweka oda kwa karatasi, na mlango hauna haja ya mtu kuusemea. Niliona kwamba ameshaufunga huo mjadala zamani, na kitu alichokifunga yeye hakilegei.

Nikampa kisanduku. Akakifungua, akazitazama dadu kama anazihakikisha zimetimia, akakifunga, akanirudishia. "Za mtu mmoja ni za nini?"

Ningeondoka hapo. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likinikosesha usingizi kuliko duka.

"Kaka. Kapteni alikuwa anataka kusema nini?"

Akacheka kidogo puani. Akageukia mlango, akaweka mikono miwili juu yake kama alivyoiweka siku ile mezani. Akafumba macho. Kidevu kikapanda. Neno la kwanza lilikataa, akaliacha, akalirudia. Mashine ikaanza kunguruma ndani, ikamfunika, akasubiri ikanyamaza, akaanza upya kutoka mwanzo. Mimi nilikuwa nimekishika kisanduku kwa mikono yote miwili nyuma ya mgongo, vidole vimekaza, kisinyanyuke hata kimoja. Sikuhesabu. Sikusema habari ya matone wala vioo. Nilisubiri tu, kama zamani.

"Bo-bonyeza, tajiri," akasema. "Ila fikiri. Ukishawaua wote, a-atabaki nani wa kukuogopa?"

Akafumbua macho.

Nilikiona kile kidole juu ya ukuta. Nilimjua yule tajiri, nilikuwa nimempimia makochi mara mbili, najua angefanya nini kwa neno kama hilo. Angesimama na upepo wake. Angeuangalia mji. Angekiondoa kidole taratibu, kwa aibu, na Karani angepiga meza, na Sponji angekosa la kusema, na kwenye kochi lisilo na nguo mwanamke mmoja angesahau saa yake.

"Kwa hilo nisingeomba dadu," nikamwambia.

"Na-najua," akasema Msumari, akachukua randa, akainamia mlango wake.